Viatu Vilivyobaki Mlangoni

Habari za kifo chake nilizipata redioni wiki mbili zilizopita, saa ya matangazo ya vifo, nikiwa na kikombe cha chai mkononi na akili yangu iko kwingine kabisa. Wengi wetu husikiliza matangazo hayo kwa sikio moja tu, tukingoja yaishe ili taarifa ya habari ianze. Mtangazaji alisoma jina, akataja Malaba alikoishi na Namboboto ambako angezikwa, kisha akaendelea na watoto, wajukuu na watu wa kanisa lake. Kikombe nikakiweka chini. Msomaji wangu wa siku zote anajua kwamba safu hii haitaji majina ya watu, na sitaanza leo. Nitamwita Mama Mwenye Nyumba, kwa sababu ndivyo nilivyomwita miaka yote niliyopanga chumba kwake, nilipokuwa karani mdogo katika ofisi ya mawakala wa forodha pale mpakani. Sijakutana na mtu mwingine aliyeogopa kama yeye, wala aliyejua kuwatia wenzake hofu kama yeye.

Ametuacha wakati ambao kila mtu anazungumza lugha yake ile ya hofu. Mwaka elfu mbili unabisha hodi, na sijui kama mwenzangu unalala vizuri, mimi silali. Ofisini wanasema kompyuta zitasimama, ndege zitapotea njia angani na benki zitasahau pesa zetu. Kwenye stendi ya mabasi wahubiri wamepata sauti mpya, na watu waliokuwa wakipita mbio sasa wanasimama kuwasikiliza. Mtaani kwangu kuna mzee mmoja aliyehamia karibuni, anaishi peke yake nyumba inayopakana na yangu, naye amejaza chumba chake mishumaa na unga. Tulimcheka sana, mimi na mke wangu. Kisha jioni moja nikajikuta dukani nikiomba pakiti ya mishumaa, na mwenye duka akacheka. Nasema wazi kwamba naogopa, na ninapoogopa akili yangu hukimbilia Malaba, kwenye ploti ya yule mama.

Ploti yenyewe ilikuwa chini kidogo ya barabara kuu, nyuma ya uwanja wa malori. Safu ya vyumba vya wapangaji upande mmoja, chumba chake pembeni kabisa, na mbele, karibu na mtaro wa barabara, ukumbi wa mabati aliowajengea watu wa ushirika wa kanisa lake. Hawakuwa watu wengi. Walikuwa wauza nguo, mafundi baiskeli, akina mama wa sokoni, mke wa askari mmoja, na mchungaji mpole ambaye hakuwa na sauti mbele ya Mama Mwenye Nyumba. Mpangaji wake hakulazimishwa kuhudhuria, lakini asiyehudhuria alitazamwa kwa namna ambayo ilikuwa rahisi zaidi kwenda tu. Kila aliyeingia alivua viatu mlangoni na kuvipanga ukutani, na yeye alisimama pale pale akivitazama viatu na miguu yetu. Alikuwa na neno lake ambalo hakuchoka kulisema: "Zoeeni kutoka bila viatu. Siku Bwana akija kutunyakua hamtapewa nafasi ya kuvaa." Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango.

Ndani, juu ya meza ndogo, palikuwa na kandili. Waliiita taa ya kungojea. Iliwashwa ibada ilipoanza, hata kama ni saa nane mchana na jua linachoma mabati, na haikuzimwa mpaka mtu wa mwisho atoke, kwa ajili ya wale wanawali wa kwenye mfano wa Biblia waliopatikana taa zao zikiwaka. Mafuta aliyatia mwenyewe. Kiberiti alikiweka mfukoni mwa gauni lake na hakumwachia mtu. Halafu palikuwa na benchi la nyuma. Aliyekosea na kuwekwa chini ya nidhamu alikaa huko, na kwa muda wote huo hakuna aliyemwamkia kwa salamu ya ushirika. Wengine waliambiana "Bwana asifiwe" na kushikana mikono mpaka mabega yakauma. Wa benchi la nyuma aliambiwa "habari," basi. Mgeni angeona ni jambo dogo. Mimi nimeona watu wazima wakilia kwa sababu ya hiyo "habari."

Nilipokuwa pale, benchi hilo lilikuwa na mtu mmoja. Alikuwa mama muuza chai na chapati pale uwanjani, mwanamke mpana, mcheshi, mwenye mikono iliyozoea moto. Kosa lake ni kwamba alikuwa amemweka ndani dereva wa lori ambaye si mumewe wala si ndugu yake. Dereva huyo alikuwa ameshushwa na wenzake akiwa amekonda, anakohoa, na kwao ni mbali sana. Mnakumbuka miaka ile. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja, tulishusha sauti tu na kusema "ugonjwa huu wa siku hizi," na hofu yake ilikuwa kwenye vikombe, kwenye vitanda, kwenye mkono wa mtu unaokusalimia. Wateja walianza kwenda kunywa chai kwingine. Mama Mwenye Nyumba alimwita mbele ya ushirika akamwuliza kama ni kweli kuna mwanamume nyumbani kwake. "Iko, Mama," akajibu. "Mgonjwa. Nimtupe wapi?" Mama Mwenye Nyumba akamwambia kwamba Bwana akija usiku wa leo atamkuta na mwanamume ndani ya nyumba, na kwamba mtu wa namna hiyo haendi popote. Akamwonyesha benchi. Yule mama akaenda akaketi, na kila Jumamosi alirudi akaketi pale pale, viatu vyake vya plastiki vya kijani vimepangwa mwisho wa mstari.

Jumamosi ninayotaka kuwasimulia, Mama Mwenye Nyumba hakuja ibadani. Alikuwa na malaria kali tangu juzi yake, na mke wa mchungaji alitueleza kwamba amepelekwa Busia kumwona daktari. Hivyo ndivyo tulivyoamini sote. Kumbe asubuhi alijihisi nafuu, akasema haendi, akanywa dawa na uji, akafunga pazia na kulala usingizi mzito kama wa mtu aliyekufa. Sisi tuliendelea. Mchungaji ndiye aliyewasha kandili siku hiyo, na nadhani alifurahi kidogo kushika kiberiti, ingawa kilikuwa cha kuazima.

Hatukufika mbali. Kule juu ya mteremko tanka la petroli lilipinduka, na kitu cha kwanza tulichosikia ni kelele za watu kabla hata ya kuelewa wanasema nini. Kisha mtu akapita mbio nje akipiga mabati kwa kiganja: "Petroli! Zima moto! Petroli inashuka kwa mtaro!" Kila mtu wa Malaba alikuwa na hadithi aliyosikia ya tanka lililowaka mahali fulani na watu waliokuwa karibu. Hata wale wa madumu, wachota mafuta yanayomwagika, ambao huwa hawaogopi chochote, siku hiyo walikimbia, maana petroli ilikuwa inaelekea kwenye majiko ya barabarani. Akina mama walimwaga maji, chai, hata mchuzi juu ya makaa, wakaacha sufuria zimepinduka. Madereva walizima injini. Mchungaji akaipuliza taa ya kungojea, na kwa kuwa mlango mkubwa ulitazama mtaro, tukatokea mlango mdogo wa nyuma, miguu mitupu, tukakata mashamba kupanda upande wa Amagoro. Sikumbuki kama niliomba. Nakumbuka mabua ya mahindi yakinichoma nyayo, na mwanamke mbele yangu akikimbia huku ameshika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili.

Yaliyotokea nyuma yetu aliyaeleza yeye mwenyewe baadaye. Aliamka kwa sababu ya ukimya. Aliyewahi kulala Malaba anajua kwamba pale hakuna ukimya: lori linanguruma, redio inaimba, mtu anatukana mtu, mchana na usiku. Alifungua macho akasikia kuku tu. Pua zilikuwa zimeziba kwa homa, na hata zisingeziba, harufu ya petroli pale ni harufu ya kila siku. Akatoka na shuka yake mabegani. Uwanja wa malori una malori, hauna watu. Majiko yamezimwa yanatoa mvuke. Kikombe cha chai kiko juu ya meza, nusu, na andazi lililoumwa mara moja. Akaita majina ya wapangaji, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeitika. Akaanza kutembea kwenda ukumbini, akishika ukuta, na akasema kwamba tayari moyo wake ulikuwa unajua.

Viatu vyote vilikuwa mlangoni, vimepangwa. Ndani Biblia ziko wazi juu ya mabenchi, sweta ya mtu iko pale, na taa ya kungojea imezimika. Nawaomba msicheke. Mwanamke huyu alikuwa amefundisha kwa miaka kwamba siku hiyo watu watatoka bila viatu, na viatu ndivyo hivi. Alirudi mlangoni akavipitia kwa mkono, kimoja kimoja, akitafuta mtu mwingine aliyebaki. Vya mchungaji viko. Vya mke wa askari viko. Vya yule karani wake mpangaji, ambaye kwa maneno yake "sikudhani ameokoka sawasawa," viko. Akafika mwisho wa mstari akakuta plastiki za kijani. Alisema mbele yetu, bila kujificha: "Huyu nilimwambia haendi popote. Ameenda, na mimi niko hapa na kiberiti mfukoni."

Alilia mpaka sauti ikakatika. Kisha, katika ile akili ya homa, akapata wazo moja. Labda taa ikiwaka, Bwana atageuka kutazama nyuma. Akaingia, akajikokota mpaka kwenye meza, akainua kioo cha kandili na kutoa kiberiti. Mtaro uliojaa petroli ulikuwa hatua chache kutoka kwenye mlango ule uliokuwa wazi.

Huku juu shambani, mama muuza chai, aliyekwisha kuona kwamba majirani wamembeba mgonjwa wake, alikuwa anatembea katikati yetu akitazama nyuso. Akamfuata mchungaji. "Mama yuko wapi?" Mchungaji akamwambia yuko Busia. "Hayuko Busia. Asubuhi nilimwachia uji kwa mlango, nikabisha nikaenda. Nikipita tena, kikombe ilikuwa imeingizwa ndani." Tulitazamana. Hatukujua kwamba alikuwa akimpelekea uji mtu aliyemnyima salamu, na Mama Mwenye Nyumba mwenyewe, tulikuja kujua, alidhani uji umeletwa na mke wa mchungaji. Askari alikuwa amesimama njiani akizuia watu wasirudi. Yule mama hakubishana naye. Aliingia kwenye mahindi akapotea, nasi tukabaki tumesimama tukisubiri kusikia mlipuko. Hilo neno, kusubiri, nililielewa siku hiyo.

Alimkuta ameshatoa njiti. "Mama! Weka chini hiyo kiberiti!"

Mama Mwenye Nyumba aligeuka akamtazama kama mzuka. "Wewe," akasema, "na wewe umeachwa?"

"Nimeachwa na nani? Petroli imejaa kwa mtaro, tutaungua sisi wote. Leta hiyo kitu."

"Viatu vyako viko hapa."

"Si nilitoroka bila viatu? Kila mtu ako kwa shamba huko juu, hata pasta. Leta kiberiti, Mama. Tafadhali."

Alimfungua vidole kimoja kimoja, akakitumbukiza kiberiti kwenye debe la maji lililokuwa mlangoni, akainama, akamweka mgongoni kama mtoto. Ndivyo tulivyowaona wakitokea kwenye mahindi: mwanamke mpana, miguu mitupu, amefunga shuka kifuani, na kichwa cha Mama Mwenye Nyumba kimelala begani mwake. Petroli haikuwaka siku hiyo. Lori la mchanga lilikuja kuifunika, jioni watu wakarudi, na kila mmoja akatafuta viatu vyake bila kusema mengi.

Jumamosi iliyofuata alisimama kutoa ushuhuda. Nilitegemea shukrani na machozi, kama kawaida. Akaeleza yote niliyoyaandika hapa, kisha akasema jambo ambalo sijawahi kusikia likisemwa kanisani tena. "Nilipomwona amesimama mlangoni nilifurahi. Sikufurahi kwamba amekuja kuniokoa. Hilo sikulijua bado. Nilifurahi kwamba hata yeye ameachwa. Nikasema, afadhali. Huo ndio moyo niliokuwa nao, ndugu zangu, na ndio niliokuwa nikimngoja Bwana nao." Akashuka, akapita katikati ya mabenchi mpaka nyuma, akasimama mbele ya mama muuza chai na kunyoosha mkono. "Bwana asifiwe, dada." Yule mama alikuwa amekaa muda mrefu bila salamu ile hata alisahau kuijibu. Alitazama kushoto na kulia kama ameitwa mtu mwingine. "Amina," akasema mwishowe, na Mama Mwenye Nyumba akaketi karibu naye. Hakurudi tena benchi la mbele maisha yake yote. Taa iliendelea kuwashwa, lakini kiberiti kipya alikabidhiwa mama muuza chai. Dereva alipofariki, kabla ya mvua, ni ushirika uliomwosha na kumwimbia, na Mama Mwenye Nyumba ndiye aliyeshika beseni.

Msidhani aliacha kuogopa. Hofu ile ilimwingia siku hiyo na haikutoka. Ikitokea uwanja wa malori umetulia ghafla, alisimama na kuanza kuita watu. Kila asubuhi nilipotoka kwenda kazini nilimkuta uani, kanga kichwani, anatazama upande wa nyumba ya yule rafiki yake muuza chai. "Karani, macho yako ni mazuri. Moshi uko?" Nikimwambia upo, maana yake rafiki yake bado yuko, alishusha pumzi na kuingia ndani kupika. Vijana wa mpakani walimtania, wakamwita mama wa moshi. Lakini mimi nilianza kuona tofauti. Zamani akisikia habari ya vita au njaa redioni alituambia tujitayarishe, akatukagua miguu. Sasa alisikia habari zile zile, akashtuka vile vile, kisha akavuka barabara kwenda kuona fulani amekula nini. Ilikuwa hofu ile ile, ila miguu yake iliipeleka mahali pengine.

Nilikwenda Namboboto kumzika. Watu walikuwa wengi, na wahubiri hawakuiacha nafasi ile ipite. Walituhesabia ishara za nyakati, wakatuonya juu ya mwezi ujao, na niliona akina mama wakiwavuta watoto wao karibu. Mama muuza chai alikuwa ameketi chini karibu na jeneza, amezeeka, mikono yake ile ile. Nilimsogelea nikamwambia pole. Alinijua mara moja. "Karani," akasema, "huyu mtu aliogopa kuachwa miaka yote. Nilikuwa namwambia, Mama, ukiachwa tutaachwa pamoja na wewe. Sasa ameniacha mimi." Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Leo asubuhi nimewasha moto, nikatoka nje kuangalia kama moshi inapanda vizuri, ndio aone. Halafu nikakumbuka. Sasa hii moshi ni ya nani?"

Swali lake nimerudi nalo. Sijui Bwana atakuja lini, na wanaosema wanajua wananiogopesha zaidi ya siku yenyewe. Ninachojua ni kwamba kati ya wote tuliokuwa tukingoja pale Malaba, aliyekuwa tayari ni yule aliyefika shambani akaanza kutazama ni nani hayupo. Sisi wengine tulikuwa tumejitayarisha kuondoka tu. Nimekuwa nikiwaza hayo tangu mazishi, na nimeanza tabia ambayo mke wangu anaicheka: nikiamka, natazama kama dirisha la yule mzee wa mishumaa limefunguliwa. Jana jua lilipanda, chai ikapoa, watoto wakaenda shule, na dirisha lilikuwa bado limefungwa. Sijawahi kumsalimia yule mzee, hata jina lake silijui. Nilisimama pale uani nikiogopa, nikijiambia pengine amesafiri, pengine amelala tu. Kisha nikatoka bila viatu, nikaenda kubisha.